Mpe mtoto kifuu, chumvi ibaki jikoni

Mama mmoja wa Marereni ametuandikia barua ndefu, na nimeonelea safu nzima ya leo iwe jawabu lake, kwa sababu aliyoyauliza yanawahusu wazazi wote wanaotoka asubuhi kwenda kazini, wawe Pwani au Nairobi.

Kwa wasioifahamu, Marereni ni mji mdogo wa eneo la Magarini, kaunti ya Kilifi, kando ya barabara kuu itokayo Malindi kwenda Garsen. Huko, pamoja na Gongoni na Kurawa, ndiko itokako sehemu kubwa ya chumvi tunayoila hapa Kenya. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, na chumvi inayosalia hukusanywa na vibarua. Mama huyu ni mmoja wa vibarua hao. Ana binti wa miezi minane. Hutoka nyumbani jua halijachomoza, na mtoto humwacha kwa bibi mmoja jirani ambaye watoto wote humwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Hawe huyo hulea watoto wachanga saba kwenye mkeka mmoja chini ya mwarobaini.

Sasa shemeji yake anamshauri amwondoe mtoto kwa Hawe na kumpeleka nasari mpya iliyofunguliwa karibu na steji, yenye vitu vya plastiki vya kila rangi na televisheni ya katuni. Ada yake ni mara tatu ya anachomlipa Hawe. Mama anakiri kwamba kwa Hawe mtoto halii kabisa, wala hajawahi kuungua wala kuanguka, ila anasikia kwamba hapo hakuna kinachofundishwa. Anauliza mambo matatu. Je, mtoto wa miezi minane anaweza kufundishwa jambo lolote? Je, amhamishe? Na je, anaweza kumtengenezea unga wa chumvi wa kuchezea kama alivyoona kwenye simu, maadamu chumvi si kitu cha shida kwao?

Nitaanza na swali la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari.

La, mama. Usimpe unga wa chumvi.

Unga huo hutengenezwa kwa unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, na maji ya kukandia. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano anayejua kutema kisicho chakula, ni mchezo mzuri, naye atafinyanga ng'ombe na matatu mpaka achoke. Mtoto wa miezi minane hafinyangi, anakula. Kila kinachoingia mkononi mwake huishia mdomoni, na figo zake bado ni changa mno kuiondoa chumvi nyingi mwilini. Wakuu wa afya wa Uingereza wanasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipate hata gramu 1 ya chumvi kwa siku, tukihesabu na ile iliyomo katika maziwa na chakula chake. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa sawasawa kina gramu 5 au 6. Donge la gramu 15 la unga huo, ambalo ni kadiri ya kidole gumba cha mtu mzima, laweza kuwa na gramu 5 za chumvi. Chumvi ikizidi katika damu huvuta maji kutoka kwenye chembe za mwili, zikiwemo za ubongo. Mtoto hutapika, hushikwa na kiu, hulegea na kusinzia kupita kiasi, halafu hupata degedege, na wapo waliofariki. Ukishuku kwamba mtoto amekula chumvi, mkimbize hospitali. Wala usijaribu kumtapisha kwa maji ya chumvi kama wafanyavyo watu wengine, kwani huko ni kuongeza moto juu ya moto.

Onyo hili nalitoa kwa mkazo kwa sababu ya mahali linapoulizwa. Katika nyumba ya mjini Nairobi chumvi imo katika pakiti ya nusu kilo juu ya kabati. Marereni inaweza kuwa gunia zima limeegemezwa ukutani, kimo cha mtoto anayeanza kusimama. Basi gunia na linyanyuliwe juu, na nguo za kazi zilizoganda chumvi zisitundikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuzinyonya.

Ukitaka kitu laini cha kuminya, songa ugali laini usio na chumvi, uache upoe, umpe donge la kadiri ya yai. Najua wapo watakaouliza ni adabu gani hii ya kuchezea chakula, na hasa huko Magarini ambako mvua ikikosa misimu miwili watu huomba msaada wa unga. Nakubaliana nao. Ndiyo maana sishauri donge la kuchezea kando na donge la kula. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza chakula na aachwe aguse chakula chake kwa mkono wake wakati wa kula: apekeche viazi, aparaze ndizi, aminye ugali, ajipake mpaka puani. Huo ndio mchezo na huo ndio mlo. Kitakachoanguka kwenye mkeka kitaokotwa na kuku. Asali tu asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza viungo vya mtoto mchanga.

Sasa tuje kwa swali la kama mtoto wa umri huo anafundishika. Jawabu ni kwamba anajifunza tangu siku aliyozaliwa, apende mlezi au asipende. Anapozaliwa huona vizuri mambo yaliyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni umbali wa titi na uso wa mama. Sauti alikwisha kuzisikia tumboni. Ulimi na midomo ndivyo vipimo vyake vya kwanza vya ugumu, ulaini, baridi na ladha, ndiyo sababu kumpiga kofi mtoto anayetia vitu mdomoni ni sawa na kumfumba macho anayesoma. Tunachopaswa kufanya ni kuchagua vya kumpa, si kumzuia asionje.

Msomaji asidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu tu. Hapo hapo Kilifi mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho wengi wanakijua kwa kazi zake za malaria. Humo Profesa Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha maendeleo ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kikaitwa Kilifi Developmental Inventory, wakachapisha habari zake miaka ya 2007 na 2008. Kipimo hicho hutazama mambo mawili: jinsi mtoto anavyokitumia kiwiliwili chake katika kuketi, kutambaa na kutembea, na jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana. Walikitunga kwa sababu vipimo vilivyoletwa kutoka ng'ambo vilikuwa na vitu ambavyo mtoto wa kijiji cha Kilifi hajapata kuviona, na mtu hapimwi kwa asichokijua. Watafiti hao walionyesha pia kwamba umaskini wa nyumbani na utapiamlo hurudisha nyuma maendeleo ya mtoto. Kwa hiyo, mama, kama fedha ni za kuchagua, uji wenye dagaa waliosagwa au karanga zilizosagwa unatangulia kitu cha plastiki.

Ushahidi mwingine ni wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wa huko waliketi na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Watu walikuwa wakisema ni maumbile ya Mwafrika. Super akagundua kwamba kina mama wale walikuwa wakiwafundisha watoto kuketi: huchimba kishimo ardhini, wakamweka mtoto ndani na kumzungushia nguo ili mgongo upate kuegemea. Kutambaa hawakukufundisha, na katika kutambaa watoto wao hawakuwa mbele. Nadhani hakuna mfano bora zaidi ya huo. Kiungo kinachopewa kazi ndicho hukomaa.

Nyanya zetu wa Pwani nao humketisha mtoto ndani ya karai au beseni tupu lililotandikwa leso. Hawe, kwa hakika, analijua hilo kuliko mimi.

Lipo pia jambo la masikio. Mama anaogopa kwamba Hawe huongea Kigiriama kitupu na mtoto atachelewa katika Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani mwao, na kwamba kipaji hicho hupungua kadiri anavyokaribia kutimiza mwaka, akabaki na sauti za lugha anazosemeshwa. Hivyo mtoto asikie Kigiriama kizuri kwa Hawe na Kiswahili kizuri kwa mamake. Vyote vitaingia. Kinachodumaza ulimi ni kutosemeshwa.

Na hapa ndipo penye wasiwasi wangu kuhusu mkeka ule wa watoto saba. Mama anaandika kwa furaha kwamba mtoto wake halii kabisa. Sisi wazazi twapenda sana kumsifu mtoto mtulivu, na mlezi naye hujisifu kwa ukimya wa nyumba yake. Lakini mtoto hulia ili mtu aje. Akilia mara nyingi na mtu asije, hujifunza kwamba kulia hakuna faida, akanyamaza. Ukimya huo si wa shibe wala wa raha. Wapo pia walezi wa mijini wanaotuhumiwa kuwanywesha watoto dawa za mafua ili walale mchana kutwa. Simtuhumu Hawe kwa hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mama afike siku moja saa ambayo hatarajiwi, atazame. Je, mtoto yu macho? Ana kitu mkononi? Akitoa sauti, kuna anayemjibu?

Bibi mmoja, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kuwajibu watoto wachanga saba. Huko Uingereza kanuni za nasari huruhusu watoto watatu tu wa chini ya miaka miwili kwa mlezi mmoja. Sisi hatuwezi kuufikia mpango huo mara moja, lakini hesabu ya mama huyu si ngumu. Iwapo nasari inataka ada mara tatu ya Hawe, basi wazazi wale saba wakikubaliana kuongeza nusu tu ya wanacholipa sasa, wanaweza kumtafutia Hawe msaidizi, labda msichana aliyemaliza shule na anayependa watoto. Watoto watatu kwa mmoja, wanne kwa mwingine. Nadhani fedha hizo zitakuwa zimetumika vyema kuliko kulipia katuni.

Maana kuhusu televisheni sina mashaka yoyote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, iwe ya televisheni au ya simu. Mwongozo huo huo unataka mtoto achezeshwe sakafuni mara kadhaa kwa siku, na yule asiyeweza kujisogeza alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau nusu saa kwa siku, ili shingo na mabega yapate nguvu. Tena unasema mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe katika kiti, katika kigari, au mgongoni. Hilo la mgongoni litawashtua wengi. Leso ya mgongoni ni kitu kizuri, mtoto hupata joto na huona dunia akiwa juu, ila mikono yake imefungwa. Baada ya saa moja ashushwe.

Basi Hawe awape nini watoto wake pale kwenye mkeka? Kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, Elinor Goldschmied, aliyeishi kutoka mwaka 1910 hadi 2009. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na watoto wadogo nchini Italia, na huko akaona kwamba mtoto anayeweza kuketi lakini hajaanza kutambaa huchoka na kununa kwa sababu hana la kufanya. Akabuni alichokiita kikapu cha hazina: kikapu cha duara, kisicho na mkono, kina chake kiasi cha kiganja, kimejazwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Hakutaka plastiki humo. Plastiki zote zina uzito mmoja na harufu moja, alisema, na mdomoni hazina tofauti. Mtoto huketishwa karibu na kikapu, akachagua mwenyewe. Mlezi hukaa kando akitazama, bila kumshikisha hiki au kile, bila kumwambia hivi sivyo.

Nimejaribu kuwaza kikapu kama hicho cha Marereni, na nakiri kwamba kinanipendeza kuliko cha Italia. Kikapu chenyewe kipo, kimesukwa kwa ukindu. Ndani mtie kifuu cha nazi kilichosuguliwa kwa mchanga mpaka kikawa laini, vipande viwili, ili mtoto agundue siku moja kwamba vikigonganishwa vinalia. Mtie upawa, mwiko wa mti, kijiko cha chuma kilicho baridi asubuhi na vuguvugu adhuhuri, kifuniko cha sufuria ndogo kisicho na kingo kali, kipande cha mkeka kilichofungwa vizuri pindoni, kitambaa cha leso, kitambaa cha gunia la katani lililofuliwa, ndimu nzima, na kombe kubwa la baharini lisilo na ncha. Kumbi la nazi lisuguliwe kwanza, kwa sababu nyuzinyuzi zake hunyofoka na kukwama kooni. Mbuzi ya kukunia nazi isikaribie mkeka hata kwa bahati mbaya.

Vitu vinane au kumi vyatosha. Kila juma viwili vitolewe, viingie vingine, maana mtoto huchoka na kitu kama mtu mzima anavyochoka na mboga moja.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama kitu ni kidogo mno. Chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki katikati ya karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto, kitoe. Hivyo kauri ndogo, vifungo, kokwa za ukwaju na punje za mahindi hazimo. Kayamba inafaa sana kwa sauti, lakini ishikwe na mlezi, asiachiwe mtoto, kwa sababu mafunjo yake yakivunjika mbegu humwagika. Na zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi ambazo wasichana huzitunga shanga ni sumu zikitafunwa. Mbegu za mbarika na za mbono vivyo hivyo. Betri kuukuu na vyuma vya gereji visiwe vya kuchezea popote. Hatujasahau yaliyowapata watoto wa Owino Uhuru kule Mombasa kwa sababu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri.

Mchezo wa maji nao watoto huupenda kupita yote. Sinia au beseni lenye maji ya kufunika vidole tu, kata ya kifuu ya kuteka na kumwaga, na saa nzima imepita. Ila mlezi asitoke hapo, hata kwa dakika ya kuepua sufuria, kwa kuwa mtoto mchanga anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache. Maji yakimwagwa, beseni ligeuzwe juu chini. Na mtoto akishaanza kutambaa, wazazi wa huko wanajua wenyewe kwamba mabwawa ya chumvi hayana ukuta.

Mchanga unataka kazi kidogo. Mchanga wa uani ambapo paka, mbwa na kuku hupita huwa na minyoo, na katika sehemu nyingi za Kilifi huwa na funza pia. Chekecha ndoo moja ya mchanga safi, uukaange katika karai kuukuu mpaka ukauke kabisa, uache upoe, na uuhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Huo ni wa watoto waliokwisha kutimiza mwaka na nusu au zaidi. Wa miezi minane ataula.

Halafu kuna mchezo usiohitaji hata kikapu. Ficha kijiko chini ya leso mtoto akikuona. Mtoto wa miezi mitano atadhani kimetoweka, naye atatazama pengine. Wa miezi minane au tisa ataivuta leso. Siku atakayoivuta amefundishika jambo kubwa kuliko herufi za A hadi Z, kwamba kitu kinaweza kuwapo hata kama hakionekani. Ndiyo sababu pia huanza kulia mama akiondoka, kwa kuwa sasa anajua kwamba mama yupo mahali. Mama wa Marereni asishangae basi kama yule mtoto asiyelia akaanza kulia mlangoni mwa Hawe alfajiri. Itakuwa habari njema.

Mtu asije akasema kwamba haya ya vifuu ni malezi ya kimaskini. Mjini Mombasa, kuanzia mwaka 1986, Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walianzisha shule za chekechea katika madrasa, na sehemu kubwa ya vifaa vyao vilitengenezwa na walimu na kina mama kwa vitu vilivyopatikana mtaani. Mpango huo ukaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura na wenzake ulionyesha kwamba watoto waliopitia chekechea walizidi wale waliokaa nyumbani katika majaribio ya akili, na wa chekechea za madrasa hizo wakawazidi wenzao wa chekechea nyingine. Hao ni watoto wa miaka mitatu na kuendelea, si wachanga. Hata hivyo inaonyesha kwamba mwalimu aliyefunzwa akiwa na vifuu hamwogopi mwalimu mwenye plastiki.

Niseme neno kuhusu waajiri, nipite. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea kazini. Kibarua anayeajiriwa kwa siku aghalabu hayaoni yote mawili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikwenda Magarini kusikiliza malalamiko ya wenyeji kuhusu viwanda vya chumvi, mambo ya ardhi, mazingira na hali ya kazi, ikatoa ripoti yake mwaka 2006. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliziachia kaunti kazi ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Chekechea zimejengwa, lakini darasa la PP1 humpokea mtoto wa miaka minne. Kati ya miezi mitatu na miaka minne, mama ni wa kujitafutia. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Wasomaji wa Kayole na Kangemi wanaoacha watoto katika vyumba vya ghorofani wana haki ya kumwuliza mwenye kituo kama amesajiliwa.

Wao pia wana swali lao, kwamba vifuu watavitoa wapi. Sokoni, kwa muuza nazi, na kama hakuna, kikapu cha Nairobi kina mwiko, chujio la chai la chuma, brashi mpya ya viatu isiyotiwa rangi, soksi ya sufu, chungwa, na sufuria ndogo kabisa ya nyumbani pamoja na kifuniko chake. Majirani wa chini watavumilia kelele.

Limebaki jambo moja ambalo mama hakuliuliza. Anataja kwa kupitia tu kwamba binti yake bado huanguka upande akiachiliwa kuketi. Watoto wengi huketi bila kushikwa mahali fulani kati ya miezi minne na tisa, hivyo wa miezi minane hajachelewa, na huenda anachokosa ni karai la kuegemea na mtu wa kumketisha kila siku. Lakini akitimiza miezi tisa na bado hawezi, au kama mkono mmoja haushiki vitu kama mwenziwe, au hageuki akiitwa jina lake, asisubiri kuambiwa na majirani kwamba atakua tu. Mwezi ujao atakwenda kliniki kwa chanjo ya surua. Achukue kile kijitabu cha mama na mtoto, afungue ukurasa wa maendeleo ya mtoto ambao wengi hatuufungui, amwonyeshe muuguzi, na amwombe amtazame mtoto akiwa ameketi chini, si akiwa amepakatwa.